Bendi Ikiwa Mbele Yako

Neno jazi limepata maisha mapya katika nchi yetu. Kule lilikoanzia, Marekani, lilikuwa jina la muziki wa watu weusi wa mji wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20, ambao wapigaji wake huanza na wimbo unaojulikana, kisha kila mmoja akauzungusha apendavyo papo hapo. Kwetu neno hilo lilifika pamoja na santuri na suti za dansi, likawa jina la bendi yoyote yenye magitaa na tarumbeta. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na baadaye zikafuata Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz, Vijana Jazz na hata Polisi Jazz. Mmarekani akizisikiliza huenda akaitafuta jazi yake asiione, kwani atakachosikia ni rumba iliyopitia Kongo, ikachanganywa na ngoma za pwani na za bara, na juu yake mashairi ya Kiswahili yenye mafunzo.

Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kuhudhuria dansi, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wazee wetu hawakulichukua jina hilo bure. Kuna jambo moja linalofanana kote: wimbo haukamiliki mpaka watu wafike. Nitaeleza kwa maonyesho matatu niliyobahatika kuyaona siku za karibuni.

La kwanza lilikuwa Dar es Salaam, mwaka 2024, nilipokwenda kwa shughuli za kifamilia. Jumapili jioni ndugu zangu wakanipeleka kwenye baa moja upande wa Ilala walikokuwa wakipiga Msondo Ngoma. Hii ndiyo ile Nuta Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina ikawa Juwata, halafu ikawa OTTU, na sasa imebaki na jina la mtindo wake, Msondo. Sauti ambazo mtu wa rika langu alizizoea redioni hazipo tena: TX Moshi William alifariki mwaka 2006, na Muhiddin Maalim Gurumo akafuata mwaka 2014. Nilikwenda nikidhani kwamba nakwenda kuomboleza.

La hasha! Wimbo ulianza polepole, kama ilivyo desturi ya bendi zetu. Kwanza kisa chote kinasimuliwa, watu wamekaa na vinywaji vyao, wanasikiliza maneno. Kisha tarumbeta zinaingia, gitaa la solo linapanda, tumba zinabadilika, na hapo ndipo chemko linapoanza. Zamani, kwenye santuri ndogo, wimbo mrefu ulikuwa ukikatwa vipande viwili, upande wa kwanza na upande wa pili, kwa sababu sahani haikuweza kuubeba wote. Pale ukumbini hakuna sahani. Mama mmoja mwenye kitenge aliinuka akaenda kumtunza mpiga solo noti ya elfu kumi, akaibandika kwenye paji la uso wake. Mpiga solo akatabasamu, akarudia kipande kilekile mara ya tatu na ya nne, na kila alipokirudia alikitengeneza upya kidogo. Wenzake walimtazama vidole ili wajue atatoka lini. Hapo nikaelewa kwamba urefu wa wimbo ule ulikuwa mikononi mwa yule mama kama ulivyokuwa mikononi mwa bendi.

Onyesho la pili lilikuwa Zanzibar, Februari 2025, kwenye tamasha la Sauti za Busara. Tamasha hili lilianza mwaka 2004, na sharti lake mashuhuri ni kwamba wasanii wote wapige ala mbele ya watu. Hairuhusiwi kuleta muziki uliokwisha rekodiwa na kuufungulia mdomo. Jukwaa lilikuwa ndani ya Ngome Kongwe, kuta ambazo Waarabu wa Omani walizijenga baada ya kuwafukuza Wareno. Usiku mmoja walipanda vijana watatu tu, wa gitaa, besi na drams, wakapiga roki. Mimi si mtu wa roki. Nyimbo mbili za mwanzo nilihisi kama mtu aliyesimama karibu na mashine ya kusaga. Lakini katika wimbo wa tatu mwimbaji aliwanyamazisha wenzake, akatoa sauti moja ndefu, akatega sikio. Umati ukamrudishia. Akatoa nyingine ya juu zaidi, umati ukamrudishia tena, na mimi nikiwa miongoni mwao.

Jirani yangu pale uwanjani akanikumbusha kwamba bingwa wa mchezo huo alizaliwa hatua chache kutoka tulipokuwa. Naam, Freddie Mercury alizaliwa mjini Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake likiwa Farrokh Bulsara. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye uwanja wa Wembley jijini London, alifanya umati wa watu zaidi ya 70,000 umwitikie sauti kwa sauti bila ala yoyote. Wazungu wengi hulitaja tukio hilo kama maajabu. Mtu aliyekulia penye ngoma hashangai sana, kwani mmoja kuanzisha na wengine kuitikia ndiyo namna yetu ya kuimba tukilima, tukioza na tukizika. Ninachotaka kusema ni kwamba roki nayo, pamoja na makelele yake yote, inasubiri jibu.

Onyesho la tatu lilikuwa hapa kwetu Kumsenga, baada ya mavuno ya maharage. Msomaji asiyeijua Kumsenga aelewe kwamba tuko Kibondo, katika nyanda za juu za Kigoma, na kwamba usiku wetu una baridi. Muziki hapa haukuwahi kuwa haba. Redio za Burundi tunazinasa vizuri, nyimbo za Kongo zimekuwa zikivuka Ziwa Tanganyika tangu enzi za baba zetu, na kwaya za makanisa zina vinanda vyao. Bendi kamili yenye watu wanaopiga ala ndiyo adimu. Hii ilitoka mjini Kibondo ikiwa na watu saba, ikapakia vyombo kwenye pikapu, ikaweka jukwaa la mbao karibu na gulio.

Sitadai kwamba walipiga vizuri kuliko Msondo. Spika moja ilikuwa ikikoroma, na mpiga besi alikuwa bado mwanafunzi. Lakini katikati ya wimbo mmoja wa rumba, mwimbaji alimwona bibi mmoja aliyekaa kwenye kigoda mbele kabisa, akaacha Kiswahili, akamsalimu kwa Kiha. Bibi akamjibu kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma, akiuliza kama amekuja kuimba au kununua maharage kwa bei ya wachuuzi. Watu wakaangua kicheko. Mwimbaji akaitia bei ya maharage ndani ya wimbo, waitikiaji wakaidaka, na kwa muda wa dakika kumi hivi wimbo wa mapenzi uligeuka kuwa wa debe na mizani. Wachuuzi wawili waliokuwapo walicheka pia, ingawa kwa aibu kidogo. Wimbo huo hauko kwenye simu ya mtu yeyote kwa namna ile, na wala hautapigwa hivyo tena.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikera. Usiku ule nilikuwa na mpwa wangu, kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne, anayepiga galatoni ya kuazima. Dansi ilipokwisha alinifuata akasema, "Mjomba, mimi hii ndiyo kazi ninayoitaka." Dada yangu alikuwa na fedha za maharage ya msimu mzima, alizoziweka kwa ajili ya kumlipia mwanawe chuo cha ufundi, kozi ya umeme. Kijana alitaka zinunue gitaa la umeme na amplifaya. Kesho yake dada akanijia nyumbani kabla ya chai. "Kaka," akasema, "mwambie wewe. Mimi hanisikii."

Sikutaka kujibu kwa methali. Nilikwenda kumtafuta kiongozi wa bendi kabla hawajaondoka, nikamwomba anieleze hesabu yao. Hakunificha. Kiingilio kilikuwa shilingi 2,000, na waliolipa walikuwa 130, kwa hiyo zilipatikana 260,000. Pikapu ilichukua 90,000, petroli ya jenereta 36,000, kibali na ulinzi 20,000, chakula 30,000. Zilizobaki, 84,000, waligawana watu saba, kila mmoja 12,000. Nikamuuliza wanapiga mara ngapi kwa mwezi. Akasema mara mbili, mwezi mzuri mara tatu.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilikumbuka jinsi bendi kubwa zilivyoishi. Wapigaji wa Nuta walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ililelewa na mashirika ya umma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana, na polisi na majeshi walikuwa na za kwao. Tunazisifu bendi hizo kana kwamba vipaji peke yake ndivyo vilivyozijenga, tukisahau kwamba palikuwa na mtu aliyenunua vyombo, aliyelipa kodi ya nyumba, na aliyevumilia mazoezi ya kila siku. Taasisi zilipojitoa, mpigaji alibaki na wale waliosimama mlangoni. Yaani alibaki na sisi.

Na sisi tulikuwaje? Usiku ule nilihesabu waliosimama nje ya uzio wa maturubai. Hawakuwa wachache kuliko waliokuwa ndani. Walicheza, waliitikia, waliimba bei ya maharage pamoja nasi, na hawakutoa hata shilingi. Siwalaumu wasio nacho. Lakini wengine nawafahamu, na niliwaona wakinunua bia.

Nilimwambia mpwa wangu hivi, mama yake akisikia: fedha za msimu zilipe chuo, kwa kuwa mkoa wetu umeunganishwa na gridi ya Taifa tangu mwaka 2022 na fundi umeme hatakosa mlango wa kugonga. Gitaa alitafute ndani ya bendi, akianza na kubeba spika. Nikamwambia pia kwamba gitaa la mtu mmoja chumbani, hata liwe la bei gani, halitamfundisha lile alilolipenda usiku ule, kwa sababu alilolipenda lilikuwa kati ya mwimbaji na yule bibi wa kigodani. Alinyamaza muda mrefu. Hakufurahi, na mama yake naye hakufurahi sana, maana alitarajia nimkataze kabisa.

Sasa anasoma umeme, na siku za dansi huenda kufunga nyaya za bendi ile. Wamempa gitaa la kati, lile la kushikilia mwendo, na si la solo alilolitamani. Iwapo atadumu, sijui. Hilo halimtegemei yeye tu. Bendi ile imeahidi kurudi Kumsenga mavuno yajayo, na kiingilio hakijapanda. Jirani yangu, ukisikia tumba, usisimame nje ya turubai.