Moto Kwanza, Nyundo Baadaye

Chuoni kwetu, tunakowaandaa wanafunzi wa uchungaji, ipo Land Rover ya zamani, Series IIA ya miaka ya 1960. Iliwabeba wainjilisti hadi mitaa ya mbali, na mwaka jana tuliamua kuirudisha barabarani. Chesesi yake ni ya chuma, lakini boneti, milango na madigadi ni vya alumini. Land Rover zilitengenezwa hivyo tangu mwaka 1948, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Madigadi ya mbele ilikuwa imebonyea na ukingo wake umejikunja.

Fundi bodi tuliyemwita ni mzee. Hakuanza na nyundo. Aliomba sabuni ya mche, akaipaka sehemu iliyobonyea, akapitisha moto wa gesi taratibu mpaka sabuni ikageuka nyeusi. Hapo akazima moto. Alitueleza kwamba alumini ikishapigwa huwa ngumu zaidi pale pale ilipopigwa. Ukiigonga ikiwa hivyo, inapasuka. Moto huilainisha. Lakini moto nao una kipimo. Alumini haiwi nyekundu kama chuma ili ikuonye. Ikifika nyuzi 660 hivi za Selsiasi, inayeyuka tu. Kwa hiyo fundi anaitazama sabuni.

Ilipopoa akachukua nyundo ya mbao, akagonga kutoka ndani, akianzia pembezoni mwa bonde kuelekea katikati, kidogo kidogo. Ilipoanza kukaza tena, akarudia sabuni na moto. Mwisho zikaja tupa na msasa. Kazi ilichukua siku mbili.

Katika Wagalatia 6:1 Paulo anaagiza kwamba aliyeanguka arejeshwe kwa upole. Neno la Kiyunani alilotumia kwa kurejesha ndilo linalotumika katika Mathayo 4:21, pale Yakobo na Yohana wanapotengeneza nyavu zao. Ni neno la kazi ya mikono. Wavu uliochanika hautupwi, wala haukemewi, unashikwa.

Katika usharika mmoja tunaohudumu, binti aliyezaa kabla ya ndoa alitengwa na Meza ya Bwana. Akaacha kwaya, kisha akaacha ibada. Barua ya baraza ilipomfikia hakuijibu, na wazee wakasema amekuwa mgumu. Walisema kweli. Alikuwa amepigwa nyumbani kwa maneno, kisimani kwa kicheko, na kanisani kwa barua.

Mama mmoja wa kikundi cha wanawake akaanza kwenda kwake. Mara ya kwanza alifua nguo za mtoto, akaondoka. Mara ya pili alipeleka unga. Mara ya tatu binti alilia, akaanza kusema mwenyewe. Ndipo ukweli ukazungumzwa, na dhambi haikupewa jina jingine. Baada ya miezi mitatu alirudi kundini, akapiga magoti madhabahuni, naye mama yule kando yake. Kuhusu baba wa mtoto, ambaye hakuandikiwa barua yoyote, baraza bado lina kazi ya kufanya.

Wapo wanaosema upole wa namna hii unalea dhambi. Hofu hiyo tunaiheshimu, kwa maana kanisa lisilo na sheria haliwezi kumwambia mtu kwamba amepotoka. Lakini nyundo haikuachwa. Ilikuja kwa wakati wake, ikiwa mkononi mwa mtu aliyekuwa tayari ndani, si aliyesimama barabarani.

Basi, wapendwa, kabla hatujamwandikia mtu barua ya kumwita mbele ya wazee, tuulizane swali moja katika kikao: nani kati yetu amekwenda kwake? Kama jibu ni hakuna, barua ingoje. Mmoja wetu aende kwanza.