Gari Limekataliwa kwa Moshi? Soma Rangi Kabla ya Kushusha Injini

Mkulima mwenzangu, najua utasema bwana shamba na moshi wa gari wapi na wapi. Lakini nyanya zikioza kwa sababu pikapu imezuiwa barabarani, ushauri wangu wote wa mbegu na mbolea unakuwa kazi bure.

Magari yanayobeba mazao yetu ni ya zamani, Hilux na Canter za dizeli zilizokwishapita mikononi mwa watu wengi. Askari wa usalama barabarani akikagua na kuona moshi mzito, anakuambia ukatengeneze kwanza. Shida yenyewe huanzia gereji. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi hapa kwetu aliambiwa injini imekufa, ishushwe. Bei aliyotajiwa ilikuwa sawa na magunia 12, naye akaanza kutafuta mteja. Nilimwomba jambo moja tu: afungue eakilina kwanza. Ilikuwa imejaa vumbi na pumba za mashine ya kukoboa. Alipoweka mpya, moshi mweusi ukapungua sana. Uliobaki uliisha baada ya nozeli kupimwa mjini, maana mbili zilikuwa zinadondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza. Magunia yake yakabaki stoo.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi, washa gari, simama nyuma yake, tazama rangi.

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Anza na eakilina. Ya karatasi usiioshe kwa maji wala petroli. Ipulize kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, kisha iinue juani. Usipoona mwanga ukipenya, nunua nyingine. Ukiona tundu, nunua pia. Na usikubali kuendesha bila eakilina ati gari "lipumue". Vumbi la barabara zetu linakula ringi, na hapo ndipo unapohamia kwenye moshi wa bluu, ambao ni ghali. Baada ya eakilina ndipo uende kwenye nozeli, halafu pampu. Mzigo kupita kiasi nao huleta moshi mweusi mlimani. Hilo halihitaji fundi.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kwanza pima oili, huenda imejazwa kupita alama. Ukitoka asubuhi tu gari likiwashwa kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma taratibu: moshi ukipuliza kwa nguvu hapo, basi fundi anayesema injini ifunguliwe ana hoja, msikilize.

Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi unaoisha injini ikipata moto usikutishe. Usipoisha, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, simamisha gari. Gasketi ya silinda hedi huenda imekwisha, na kila kilomita unayoongeza inaongeza gharama. Rejeta ifunguliwe injini ikiwa imepoa, tafadhali. Moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi ni habari nyingine: mafuta hayaungui vizuri, labda nozeli au majira ya pampu. Mafuta ya kwenye madumu kando ya barabara nayo yanachangia, kwani yanaweza kuwa na maji au yamechanganywa na mafuta ya taa, na mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli.

Wapo wanaosubiri giza ndipo wasafiri. Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia inayokwenda hewani, usiku ama mchana. Isitoshe, mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani kwa binadamu. Na nyuma ya gari, juu ya matenga, mara nyingi wanakaa vijana wetu wa kupakia.

Ukifika gereji, mweleze fundi rangi, saa unapotoka, na ulichokwisha kukagua. Mkubaliane bei kabla hajashika spana. Spea atakayobadilisha, ile ya zamani uondoke nayo.