Mwachie Binti Naye Acheze

Kisangani

Mwanangu mpendwa,

 

Umenieleza kwamba mkurugenzi wa shule amekukabidhi michezo ya watoto, na kwamba vijana wa kartie wanataka uwasimamie jioni. Nimefurahi sana. Ila kuna jambo niliona nilipokuja kwenu Bunia, kartie ya Lumumba, wakati wa Pasaka, na kama shangazi yako siwezi kulinyamazia.

Jioni ile kiwanjani walikuwa wanacheza wale wanaojua tu. Wengine, wengi kuliko wachezaji, walisimama pembeni muda wote wakishangilia. Binti yako alikuwa kati yao, mdogo wake mgongoni, bidoni ya maji karibu na miguu yake. Mpira ulipomjia aliurudisha kwa teke moja safi. Bidoni haikuanguka, na mtoto mgongoni hakuamka. Hakuna aliyemwambia: ingia ucheze.

Nilipokuuliza, ulijibu kwamba kazi za nyumbani zinamchosha vya kutosha. Mwanangu, kuchota maji ni kazi. Mzigo unamlemea shingo, anaharakishwa, na akichelewa anakaripiwa. Katika mchezo mtoto anaruka, anageuka, anaanguka na kuinuka, anacheka na wenzake, na hakuna anayemdai kitu. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili. Hesabu zao za mwaka 2016 zilionyesha kwamba, duniani kote, vijana 4 kati ya 5 wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiasi hicho, na wasichana wako nyuma ya wavulana. Watoto wetu wanakwenda shule kwa miguu, hilo linawasaidia, lakini halitoshi. Siku za mchezo, maji wachote kaka za binti yako. Nimeshaongea na mama wa watoto wako kwa simu, amekubali.

Basi usianze kwa kuchagua kumi na mmoja bora. Anayejua mpira atacheza hata usipokuwepo. Anayekuhitaji wewe ni yule mzito, yule mwoga, yule aliyezoea kuchekwa. Gawa kiwanja vipande vinne, timu za watoto watano watano, na kila baada ya muda mfupi wabadilishane. Mpira wa mifuko ya plastiki na kamba unatosha. Wasichana wakitaka nzango, ule mchezo wao wa kuruka, wape nafasi yao katikati ya kiwanja, si kichochoroni. Mchezo huo unachosha miguu na mapafu kweli kweli, na mwaka 2015 ulionyeshwa hadi kwenye Michezo ya Afrika kule Brazzaville. Anza saa kumi, ili kila mtoto awe kwao kabla giza halijaingia. Na nakuomba sana: usimkimbize mtoto kiwanja kizima kama adhabu ya kuchelewa. Ukifanya hivyo atachukia kukimbia maisha yake yote.

Jambo jingine ni zito zaidi. Tangu mwisho wa 2017 familia nyingi za Djugu zimekimbia vita na kuja Bunia. Wengine wako kambini Kigonze, wengine wamepokelewa majumbani. Watoto wao wakifika kiwanjani, usiache timu zijipange kwa lugha ya nyumbani. Wewe ulikuwa mdogo mwaka 2003, lakini mimi naikumbuka Bunia ya mwezi wa tano mwaka ule, mtu akiulizwa kabila kabla ya kusalimiwa. Wapange mstari, wahesabu moja, mbili, moja, mbili: wa moja huku, wa mbili kule. Mzazi akilalamika, mpokee kwa heshima, lakini usibadilishe.

Na kuhusu kushindwa: unamjua Popole Misenga? Alizaliwa Bukavu, vita vikamtenga na familia yake akiwa mtoto, akajifunza judo Kinshasa. Mwaka 2016 alishindana kwenye Olimpiki ya Rio katika timu ya wakimbizi, akashinda pambano lake la kwanza. Watu hupenda kusimulia hadi hapo tu. Lakini mwenyewe alieleza pia kwamba alipokuwa akishindwa huku kwetu Kongo, alifungiwa kama mfungwa na kunyimwa chakula cha kutosha. Judo ilimshika mkono mtoto aliyepotea, kisha wakubwa wakaigeuza mateso. Watoto wako wakifungwa mabao matano, wape maji, waulize nani ameumia, waambie kesho saa ngapi.

Nimempa dereva wa lori anayekuja Bunia mipira miwili na kamba za kurukia. Ukivipokea nipigie, na unitajie urefu wa kiwanja cha shule, nione kama naweza kupata wavu wa voleboli.

Shangazi yako akupendaye