Sinia Moja, Walaji Wengi

Aghalabu mtu mwenye uraibu wa elektroniki huhitaji bodi moja au mbili tu za sakiti. Bodi yenyewe ni kipande cha nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, na juu yake hupita njia za shaba zinazosafirisha umeme badala ya waya. Kiwandani, hata hivyo, kazi ya kutayarisha mitambo ni ile ile, ziwe bodi tano au mia. Gharama hiyo ikimwangukia mtu mmoja, uraibu hugeuka mzigo.

Katika mji wa Portland, Marekani, kikundi cha DorkbotPDX kiliukabili ugumu huo kwa kuagiza pamoja. Michoro ya watu mbalimbali ilipangwa kwenye bamba moja kubwa, bamba likatengenezwa na kukatwa, kisha kila mmoja akapewa chake. Utaratibu huo ndio uliozaa OSH Park, ambayo bodi zake hutambulika kwa rangi ya zambarau.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole visivyoafikiana navyo havimvunji. Agizo la pamoja ni sinia moja yenye walaji wengi, nalo lina adabu zake. Kwanza, siku ya mwisho iheshimiwe, kwani anayechelewesha mchoro wake huwachelewesha wote. Pili, wote wakubaliane kuhusu unene, idadi ya tabaka za shaba na rangi, maana bamba moja haliwezi kuwa na unene wa aina mbili. Tatu, michango ikusanywe kabla ya kuagiza, pamoja na ada za posta na ushuru. Mratibu akilipa kwanza kisha aanze kudai, urafiki huingia doa.

Fauka ya hayo, kiwanda hutengeneza kilichochorwa, si kilichokusudiwa. Tundu likiwa jembamba kuliko mguu wa kifaa, nakala zote za mchoro huo ni hasara ya mwenyewe. Ndiyo maana mwenye busara huuchapisha mchoro wake karatasini kwa ukubwa halisi, akavipanga vifaa juu yake, kisha akampa mwenzake aukague. Jicho la pili huona lililozoeleka kwa la kwanza. Pengine hilo ndilo pato kubwa zaidi la kuagiza pamoja, kuliko hata fedha zinazookolewa.