Mlango wa Mbele

Nilipoanza kazi ya kulea wazee Leicester, England, mwaka 2008, maiti ilitolewa kwa mlango wa jikoni. Tulivuta mapazia, tukawafungia wakazi wengine vyumbani, machela ikapita upesi. Kesho yake kiti cha marehemu hakipo mezani, na akiulizia mtu tunageuza mazungumzo. Mimi nimekulia Mombasa, ambako msiba hutandaziwa turubai nusu ya mtaa. Niliona ajabu, lakini mgeni hana sauti.

Wafiwa wenyewe walikuwa watulivu mno. Namkumbuka binti mmoja, mama yake alishikwa na ugonjwa wa kusahau. Kila Jumapili alikuja kumpaka rangi ya kucha. Siku mama alipomwita “nesi”, binti alimaliza kucha zote kumi, akaaga vizuri, kisha kupitia dirishani nikamwona ameinamia usukani, mabega yakitikisika. Miaka miwili baadaye mama alipokata roho, binti alitushukuru tu, akatia saini makaratasi. Alikuwa ameshafiwa zamani, kidogo kidogo, pale kwenye maegesho. Vitu vya mama tukampa ndani ya mifuko myeusi ya takataka. Ndiyo iliyokuwa desturi.

Korona ndiyo iliyovuruga kila kitu. Machi 2020 wageni walipigwa marufuku. Wana walisimama juu ya maua nje ya dirisha, wakimpigia kelele mzee asiyesikia. Hospitali nazo zilikuwa zikirudisha wagonjwa kwenye nyumba za wazee bila kuwapima. Aprili 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba sera hiyo ilikuwa kinyume cha sheria, katika kesi ya Cathy Gardner na Fay Harris, waliofiwa na baba zao. Kwa England pekee, wakaguzi wa nyumba hizo walitaja vifo zaidi ya 39,000 vya wakazi vilivyohusishwa na korona hadi Machi 2021.

Safari hii hakuna aliyepata nafasi ya kulia kidogo kidogo. Simu za wafiwa zikaanza baada ya maziko. Alikula nini? Nani alikuwa naye? Alivaa nini? Lile sweta la buluu nililikumbuka, nikashukuru kuwa na la kusema. Wengine walitukasirikia, wakakataa hata kuzungumza nasi. Walikuwa na haki.

Ni wafiwa hao waliotubadilisha, kwa kuuliza na kulaumu bila kuchoka. Sasa kwetu maiti hutoka mlango wa mbele. Wahudumu hujipanga ukumbini, na mkazi anayetaka husimama nasi. Familia hufuata nyuma. Wenzangu kadhaa wanasema tunawatisha wazee. Mimi sioni hivyo. Mzee mmoja alitazama yote, akaniuliza kama naye atapita hapo. Nikamjibu ndiyo. Akasema basi tusisahau kumfunga tai.

Mifuko myeusi nayo imekwisha, tunatumia masanduku. Kilichobaki palepale ni ada: chumba kinaendelea kulipiwa mpaka kiwe kitupu, kwa hiyo wapo wanaokuja kufungasha nguo za baba hata hawajamzika. Nimemwambia meneja waachiwe angalau wiki mbili bila malipo. Anasema uamuzi ni wa wenye kampuni, nami kila kikao narudia ombi hilo.