Mdoli wa buku mbili kutoka mnada wa Kasansa, na ile 1966 ya mgongoni

Kuna dada mmoja fundi cherehani kule Kasansa, Mpimbwe, ambaye watu wakimtaja hawaanzi na nguo anazoshona. Wanaanza na midoli. Alikuwa nayo kumi na moja, kaipanga kwenye shelfu juu ya cherehani, na mteja akiingia kupimwa gauni lazima macho yaende kule kwanza. Wa kumi na mbili ndio uliozua mambo.

Aliupata mnadani, kwenye rundo la mitumba ya watoto, katikati ya viatu visivyo na wenzake na dubu asiye na jicho. Mdoli mweusi, mtupu kabisa, nywele fupi kama za binti wa shule ya msingi. Muuzaji alianza na elfu tatu, wakabishana kidogo, akaachia kwa buku mbili. Alipougeuza ndipo moyo ukamruka. Mgongoni, kwa herufi ndogo sana, pameandikwa Mattel na mwaka 1966.

Huyu dada si mgeni wa haya mambo. Anajua Barbie wa kwanza alitoka Machi 1959, anajua na wale wa miaka ya mwanzo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanawanunua kwa hela ndefu. Kwa hiyo njiani kurudi nyumbani, mdoli umefungwa kwenye kanga, hesabu zilishaanza. Na hazikuwa hesabu za simu mpya wala za kochi. Ana miaka minne ya ndoa na hajapata mtoto. Walishaambiwa waende Mbeya wakapime wote wawili, mke na mume, na kila mwaka mume anajibu "tukivuna". Mpunga unavunwa, unauzwa, hela inaisha na Mbeya iko pale pale.

Usiku mtandao ulipokubali akapiga picha, akatafuta Google. Saa nzima tu, utajiri ukayeyuka.

Kumbe ule mwaka wa mgongoni ni wa umbo la mwili, sio wa mdoli. Mattel walisajili kiwiliwili kile 1966, halafu wakaendelea kukitumia kwa miongo na muhuri wake ule ule. Ndiyo maana mdoli wa miaka ya tisini unaukuta na 1966 mgongoni, na watu dunia nzima wanaingia mkenge kila siku. Ukiwahi kuokota wako, usianze kutangaza bei. Angalia na alama za kichwani, kisha tafuta picha za uso na nywele.

Wa kwake picha zilimwonyesha: Barbie wa Kenya, kutoka ule mfululizo wa Dolls of the World ambao kila mdoli unavalishwa kama mtu wa nchi fulani. Mfululizo ulianza 1980 na Italia, Paris na Uingereza. Afrika ilikuja kuingia baadaye, Nigeria, Kenya, Ghana, Moroko. Tanzania alitafuta, hakuiona. Wa Kenya boksi lake lina mwaka 1993, na kavalishwa Kimasai, nguo nyekundu na shanga za shingoni.

Sasa mdoli wenyewe, kama mdoli, ukoje? Urefu ni sentimita 29 hivi, Barbie wa kawaida. Plastiki yake nzito, sio ile ya madukani kwetu ya elfu moja mia tano ambayo ukibonyeza tumbo linabonyea na kubaki hivyo. Magoti yanakunja, yanalia tik, tik. Kiuno kinazunguka. Nywele ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, maana midoli mingi myeusi inawekewa nywele ndefu za kuteleza kiunoni, huu ukapewa kipilipili kilichokatwa chini. Kusimama hausimami. Miguu ya Barbie imekaa kama mtu aliyevaa visigino virefu hata akiwa peku, kwa hiyo bila stendi unaanguka. Yeye kaubana kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa nusu.

Uso ndio unaweza kubishaniwa. Pua na taya ni zile zile za kiwandani zinazozungushwa nchi hadi nchi, ukivua shanga ubaki kujiuliza Umasai umeenda wapi. Na Mkenya ni Mmasai peke yake? Ni kama waje Katavi watengeneze mdoli mmoja, kisha Wapimbwe, Wasukuma na Wabende wote waambiwe ndiyo nyie huyo.

Bei ndiyo ilimkata maini. Mfululizo huu ulitengenezwa kwa wingi, uuzwe madukani kwa watu wa kawaida. Mpaka leo hata ukiwa ndani ya boksi lake haupishani sana na bei ya simu ya kitochi. Mtupu, bila shanga, kutoka Kasansa? Kuusafirisha tu kunazidi thamani yake. Kwa anayeanza kukusanya ni habari njema sana. Kwa anayetafuta hela ya vipimo, hapana.

Akaushonea nguo. Kipande cha shuka jekundu kilichobaki kwa mteja, shanga zilizokatika kwenye mkufu wake mwenyewe. Alikesha kwa hiyo kazi, na ilitoka safi.

Wiki ile ile mama mkwe akaja na wifi. Wifi ndiye aliyekuwa akisema siku zote, "Wifi, wenzio wanatafuta wa kubeba mgongoni, wewe unakusanya wa plastiki." Safari hii ilikuwa zaidi ya utani. Mtaani palishaanza kusemwa kwamba nyumba yenye sanamu kumi na mbili zinazotazama mlango si bure, ndizo zimefunga kizazi. Na maneno ya aina hiyo kwa mwanamke asiye na mtoto, vijijini kwetu, si ya kuchekea. Mama mkwe akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, zichome tu, watu wanyamaze."

Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba kule Pwani Wazaramo walikuwa na mwana hiti, kimdoli cha mti anachopewa mwali akiwa ndani. Anakitunza kama mtoto, anakipaka mafuta, ili uzazi wake uwe mwema. Leo vimo kwenye makumbusho za Ulaya. Yaani upande mmoja wa nchi mdoli unaleta mtoto, upande mwingine unamzuia.

Hakuwaeleza hayo. Alisema, "Mama, tukirudi Mbeya na daktari akasema ni midoli, nitaichoma mwenyewe."

Kimya. Mume alikuwa mlangoni, kasikia. Mama mkwe akamgeukia: "Hamjaenda? Si uliniambia mlikwenda mwaka juzi?"

Hapo wifi ndiye aliyetoka kwanza, eti anakwenda kuangalia sufuria.

Mama mkwe akaushusha ule wa shuka jekundu, akaugeuza geuza, akavuta kile kinguo aone mshono. Akasema wao zamani walikuwa wanafunga magunzi ya mahindi kwenye vitambaa, wanayabeba mgongoni mpaka mtoni. Kisha akaomba ampelekee mjukuu. Binti akamwambia achague mwingine wowote, huo hapana. Akachukua mweupe mwenye gauni la bluu.

Gunia nne za mpunga ziliuzwa Jumamosi iliyofuata. Wamekata tiketi mbili za basi.