Mtu wa Mbele ya Gari

Pasaka ya mwaka 1966, Bert Shankland wa Dar es Salaam na msoma ramani wake Chris Rothwell walishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Peugeot 404. Mwaka 1967 wakashinda tena, kwa gari la aina ileile. Katika michezo ya Tanzania hilo ni jambo kubwa, na linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa. Lakini miaka hiyohiyo miwili nchi ilikuwa na mbio nyingine, zisizo na kombe wala bendera ya kuanzia. Zilitoka bandari ya Dar es Salaam, zikapita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, kisha zikaingia Zambia. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith kule Rhodesia ilijitangazia uhuru wake. Mwezi uliofuata mafuta ya Zambia yaliyokuwa yakipitia huko yalikatika, na nchi isiyo na bahari, iliyopata uhuru mwaka mmoja tu kabla, ikalazimika kutafuta mlango mwingine. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zilibeba mapipa kwa muda, ila barabara nayo ilipaswa kubeba, na sehemu kubwa ya barabara ilikuwa udongo mtupu. Malori yalikwenda na petroli na dizeli, yakarudi na shaba. Mwaka 1966 serikali za Zambia na Tanzania zilishiriki kuunda kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, na malori yake ya Fiat yenye matrela yakawa sura ya njia hiyo. Waandishi wa Kiingereza waliipa jina la jehanamu, na waliokwama humo wakati wa mvua hawakuwa na sababu ya kubisha.

Naziweka mbio hizi mbili pamoja kwa kuwa tumezikumbuka kwa mizani isiyo sawa. Moja tunaiita mchezo, nyingine tunaiita kazi, na kwa kutenganisha hivyo tumempoteza mtu mmoja aliyekuwa katika zote mbili: yule anayeshuka garini na kutangulia kwa miguu. Anapima tope kwa fimbo, anatafuta ardhi ngumu, anasimama mbele ya taa na kumwonyesha dereva kwa mkono pa kupitisha gurudumu la kushoto. Katika lori alikuwa utingo. Katika Safari alikuwa msoma ramani aliyelazimika kuvua viatu, au mwanakijiji aliyekuwa amesimama kando kutazama. Dai langu ni kwamba ushindani wa magari katika njia mbovu, popote unapofanywa kwa uaminifu, ni ushindani wa vikosi, na kiini cha kikosi ni mtu huyo. Miaka sitini iliyopita inaonyesha alivyoondolewa, kisha alivyorudishwa na watu waliogundua kuwa bila yeye mchezo hauna maana.

Tuanze na lori, maana ndilo lililopita eneo ambalo leo ni mkoa wa Songwe, mpakani na Zambia. Uwanda wa Mbozi una udongo mwekundu unaomea kahawa vizuri na kuteleza vibaya, na kwenye mabonde kuna udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika hushika tairi. Dereva peke yake hawezi kulitoa lori la tani nyingi mahali hapo. Akikanyaga mafuta, tairi linazunguka na kujichimbia shimo. Akisubiri, maji yanazidi kuingia. Kinachofaa ni kazi ya mikono iliyogawanywa vizuri: mmoja yuko kwenye usukani, mmoja ana koleo, mwingine anakata matawi ya kutandika chini ya matairi, na utingo ameshika jiwe au gogo nyuma ya gurudumu, ili kila hatua lori linayopanda lisiirudishe. Ikishindikana, mapipa yanashushwa, gari linavuka tupu, na mzigo unapakiwa upya ng'ambo. Tena njia ilikuwa nyembamba. Lori moja likizama katikati, walio nyuma wote wamefungwa, hata wa kampuni nyingine, hivyo kumsaidia mshindani ilikuwa njia pekee ya kumpita. Hilo ni somo ambalo mchezo wa magari ulichukua muda mrefu kulifikia.

Pingamizi la kwanza naliona kabla halijasemwa: kusafirisha mzigo si mashindano, na kuyaita hivyo ni kucheza na maneno. Ni kweli kwamba hapakuwa na refa wala orodha ya washindi. Lakini tazama kilichokuwepo. Palikuwa na saa, kwa kuwa Zambia ilikuwa ikigawa petroli kwa mgao na migodi ya shaba haingoji. Kila safari ilianza bandarini na kukoma ng'ambo ya mpaka. Sifa nazo zilikuwepo, maana madereva wa masafa marefu hawajawahi kuacha kulinganisha nani alifika siku ngapi na kwa gari la hali gani. Kilichokosekana ni watazamaji wenye kamera tu, nao si sharti la ushindani.

Safari yenyewe, ukiitazama kwa makini, haikuwa mbali na lori kama picha zake zinavyotaka tuamini. Ilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapitia barabara za kawaida za Kenya, Uganda na Tanganyika, ambamo ng'ombe, basi na baiskeli viliendelea na shughuli zao. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 yakaanza 93, na waliomaliza wakawa 7 tena. Takwimu hizo husimuliwa kama ushahidi wa uhodari wa madereva saba. Mimi nazisoma tofauti. Katika mvua za aina ile gari la watu wawili halivuki mto uliofurika bila mikono ya wenyeji, na picha nyingi za Safari ya zamani zinaonyesha hivyo hivyo: gari limezama hadi milango, na wanaume na watoto wa kijiji wakilisukuma kwa kelele. Majina ya hao hayako katika kitabu chochote cha matokeo. Kwa hesabu rasmi, kikosi kilikuwa cha watu wawili. Kwa hesabu ya tope, kilikuwa cha thelathini.

Kisha njia ikabadilika, na mabadiliko yalikuja haraka. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilianza kupitisha mafuta bila kuhitaji utingo yeyote. Lami ya barabara kuu ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inayovuka mpaka hapohapo Tunduma. Upande wa Rukwa ulingoja zaidi. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilipata lami kwa fedha za Marekani za Changamoto za Milenia, katika mkataba wa 2008 hadi 2013. Leo anayetoka Vwawa kwenda mpakani hahitaji kujua lolote juu ya udongo wa Mbozi. Ushindani wa malori umehamia kwenye foleni: nani nyaraka zake zimekamilika, wakala wa nani anapokea simu. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, ndicho kinachotatua sasa kile ambacho zamani kilitatuliwa kwa koleo. Utingo bado yupo, lakini kazi yake ni kulinda turubai na kununua chakula.

Mchezo ulipita njia hiyohiyo kwa kasi yake. Kuanzia 1974 Safari ilibaki Kenya. Baadaye timu za viwanda vikubwa zikawa na helikopta zikiruka juu ya gari, zikimwambia dereva kwa redio kama mbele kuna punda au korongo. Mtu wa mbele alikuwa amepandishwa angani. Iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Safari ilikuja na hatua fupi kuzunguka Naivasha, zilizofungwa kwa magari mengine, na nyuma ya kila gari kuna mafundi na wahandisi wanaosubiri katika uwanja wa matengenezo. Kikosi kimekuwa kikubwa kuliko wakati wowote, ila hakipo njiani. Sisemi ni mchezo mbaya. Nasema ni mchezo mwingine.

Hapa pingamizi zito zaidi linadai jibu. Je, huku si kulilia tope? Njia ile ya zamani iliua watu. Malori yalianguka milimani, mafuta yaliwaka, na aliyekuwa hatarini kuliko wote ni huyohuyo utingo mwenye jiwe nyuma ya gurudumu, ambaye lori likiteleza hana pa kukimbilia. Mama mjamzito wa Momba, hukohuko Songwe, hakunufaika hata chembe na uhodari wa mtu yeyote wa kukwamua gari. Nakubali kila neno. Lami ni bora, na ningependa ifike hadi kijiji cha mwisho cha Ileje. Hoja yangu haihusu barabara. Kwa kuwa lazima ya kupambana na tope imetuondokea, ujuzi ule unaweza kuishi katika mchezo tu, kama ulivyoishi upigaji makasia hata baada ya kuja kwa injini. Mchezo wa kuuhifadhi lazima uchague kanuni zake vizuri, la sivyo utahifadhi injini na kumsahau mtu.

Ushahidi kwamba kanuni zinaweza kumrudisha upo karibu. Mwaka 1991 mashindano ya Camel Trophy yalipita Tanzania hadi Burundi, kwa magari ya Land Rover, kila nchi ikileta watu wake wawili. Waturuki ndio walioshinda. Msafara ulilazimika kuvuka pamoja, na palikuwa na tuzo ya moyo wa ushirikiano iliyopigiwa kura na washindani wenyewe. Hapo ile hekima ya malori, ya kumvuta anayekuzuia, iliandikwa kuwa kanuni. Rhino Charge ya Kenya, iliyoanza mwaka 1989, imekwenda mbali zaidi. Magari hupewa vituo 13 porini na saa 10 za kuvifikia, na mshindi si mwenye kasi bali aliyetembea umbali mfupi kuliko wote. Kanuni hiyo moja inageuza kila kitu. Anayetaka kufupisha njia lazima apite penye mawe, makorongo na vichaka, na huwezi kupita hapo bila mtu anayekimbia mbele kwa miguu, anayeamua papo hapo kama gari litashuka genge hili au lizunguke. Wakimbiaji hao ni sehemu rasmi ya timu. Fedha zinazochangwa kupitia mashindano hayo zilisaidia kujenga uzio wa hifadhi ya Aberdare, kama kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009.

Watasema hayo ni mambo ya matajiri wenye Land Cruiser zilizochomelewa upya, na kwamba siku hizi picha za satelaiti zinatosha. La kwanza lina ukweli mwingi. La pili halina. Picha kutoka angani itakuonyesha korongo liko wapi, lakini haitakuambia kama mchanga wake utabeba tani tatu baada ya mvua ya jana. Jibu hilo liko kwa mtu anayevuka hapo na mifugo kila siku. Ndiyo maana gharama zinanisumbua zaidi ya teknolojia: mchezo ukibaki wa wenye magari peke yao, ujuzi wa mwenyeji utarudi kuwa wa kusukuma bure, kama enzi za Safari.

Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, una ardhi ya mchezo huo bila kutengenezewa chochote. Kutoka uwanda wa Mbozi, palipo na kimondo cha Marengi, nchi inaporomoka kwa ukingo mkali kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, joto linapanda, na udongo unabadilika. Kusini kuna milima ya Ileje na mto Songwe unaotutenganisha na Malawi. Si mbali na hapo, miaka ya 1880, wapagazi walipitisha vipande vya meli ya wamisionari, Good News, kutoka Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika, ambako ilishushwa majini mwaka 1885. Vituo kumi vya kanuni ya umbali mfupi, kati ya ukingo wa bonde na Kamsamba, vingemtesa dereva yeyote wa Nairobi au Dar es Salaam asiyekuwa na mtu wa hapo.

Kwa hiyo waandaaji wakipatikana, ningewataka wapitishe sharti moja kabla ya kujadili aina za magari: kila timu iwe na mwenyeji mmoja wa Momba, Mbozi au Ileje atakayetembea mbele, aandikwe jina pamoja na dereva, alipwe siku zake zote, na bima yake isiwe pungufu ya ile ya aliyeshika usukani. Sharti hilo litapandisha gharama, na wengine watalalamika kuwa mchezo unageuzwa ajira. Na iwe hivyo. Kwenye barabara ya Tunduma ulikuwa ajira tangu mwanzo.